Kibali Kilichoandikwa Kabla Hakijatolewa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoitazama karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikaiogopa kama mtu aliyekuta nyoka chumbani. Haikuwa na doa wala mkato. Mistari ilikuwa imenyooka na herufi zimelala vizuri, hata mwalimu wangu wa kidato cha pili angeisifu mbele ya darasa. Usafi huo ndio nusura uue watu.

Mimi sijawa mzee wa mkongojo. Nina miaka arobaini na kitu, lakini miguu yangu imetembea kuliko umri. Nimekaa Tunduma, nimekaa Kigoma, nimekaa Mwanza mara mbili. Kila mji nakaa mpaka nizoee sauti ya muuza maji wa asubuhi, kisha nafungasha. Hata hivyo kila mwaka lazima nirudi Kariakoo, nipite mitaa ileile nikitafuta milango ya zamani ambayo sasa imemezwa na maghorofa. Wanaonifahamu huko watakwambia kwamba nina maradhi ya kushuku, na ni kweli. Mhudumu akiniletea chai kabla sijaagiza, naitazama kwanza.

"Kaka, si ni ya rangi yenye tangawizi, kama kawaida yako?"

"Ndiyo. Lakini ngoja niagize."

Hunicheka, nami huwaacha wacheke. Leo nataka nikueleze maradhi hayo niliyapata wapi, maana naona na wewe umeanza kazi, na umeanza kusema kwa kujiamini, "Hiyo naijua."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya nyaraka za safari za ndege, basi. Shirika moja dogo la ndege, ambalo sasa halipo, likaniajiri kuwa karani wa safari. Ndege zetu zilibeba abiria kumi na wawili, na kazi kubwa ilikuwa kwenda Unguja na kurudi, mara nyingi kwa siku. Mimi niliandaa faili la kila safari: majina ya abiria, uzito wa mizigo, hali ya hewa, na fomu ya kibali cha kuondoka.

Hiyo fomu ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo. Ndege haiondoki kwa sababu rubani ameamua tu. Kabla haijasogea, rubani msaidizi huita mnara, na mwongoza ndege humpa kibali: unakwenda wapi, ukishanyanyuka ukate upande gani, upae mpaka futi ngapi usimame hapo. Rubani msaidizi huyaandika anayoyasikia, kisha huyarudia yote kwa sauti. Mwongoza ndege husikiliza, na akiridhika hujibu kwamba ni sahihi. Ndipo rubani hutega vyombo vyake kwa kufuata kilichoandikwa. Sikio, mkono, mdomo. Waliotunga utaratibu huo hawakuwa wajinga. Walijua sikio peke yake halitoshi.

Sasa, safari ya Unguja ilikuwa na kibali kilekile siku zote. Kata kushoto kuelekea kaskazini, panda hadi futi elfu nne. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, alasiri hivyo. Nilipoona hivyo nikajiona mjanja. Nikaanza kujaza fomu ofisini, kabla ya marubani kufika, kwa kalamu nyeusi na mwandiko wangu wa kujivunia.

Wa kwanza kuipokea alikuwa Anitha, rubani msaidizi, binti wa Magomeni, aliyenizidi miaka miwili au mitatu.

"Karani, wewe mganga?" akaniuliza akicheka. "Umejuaje watakachosema?"

"Dada, wale mnara wanaimba wimbo mmoja tu."

"Haya mganga, tutakuletea kuku mweupe."

Siku za mwanzo alikuwa akisikiliza mnara huku akiweka alama ya vema mbele ya kila neno nililoandika. Baada ya wiki chache alama zikapungua. Baada ya miezi miwili fomu zilirudi kwangu safi kama zilivyoondoka. Mimi nikaona fahari. Wahenga walishasema mazoea yana taabu, ila taabu yenyewe haibishi hodi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha uani Kariakoo, jirani na Mtaa wa Msimbazi, katika nyumba ya mama mmoja wa Kiarabu aliyeitwa Bi Zuwena. Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa duka lake la khanga na vitenge, na wateja wake wengi walikuwa mikoani. Marobota yalifungwa barazani, yakapakiwa kwenye mkokoteni, yakapelekwa kwenye malori. Mwenye mkokoteni alikuwa Mwinyi, mtu wa mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Kila mzigo, hata ungekuwa ni uleule wa jana, Bi Zuwena alimzuia asiondoke mpaka ayarudie maagizo.

"Bi mkubwa, mwaka wa tatu huu naenda palepale!"

"Ndiyo maana nakuogopa. Sema."

"Marobota manne, lori la Mbeya, nimkabidhi dereva mwenyewe, siyo utingo."

"Mdomo umejibu. Sasa tuione miguu."

Halafu bibi yule alisimama barazani na khanga yake kichwani, akaukodolea macho ule mkokoteni mpaka ukate kona inayotakiwa. Siku moja nikamwambia, "Bi Zuwena, wewe humwamini mtu." Akanijibu bila hata kunitazama, "Naamini. Nikishaona." Mimi, msomi wa kidato cha nne, nikacheka nikaenda zangu kuoga.

Sasa sikia siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi yenye jua. Ndege ya saa tatu ilikuwa imejaa, isipokuwa abiria mmoja aliyekuwa amechelewa ukaguzini. Injini zilikuwa zinaunguruma tayari. Mimi nikamwita rubani mkuu, Kapteni Lyimo, kwa redio ya ofisi. "Kapteni, mgeni wetu yuko mlangoni, mtamsubiri?" Akawa ananijibu mimi, na wakati huohuo, kwenye redio ya pili, mnara ukawa unampa Anitha kibali.

Siku hiyo wimbo ulibadilika. Kulikuwa na ndege nyingine inashuka kutoka kaskazini. Kwa hiyo wakaambiwa wanyooke moja kwa moja kuelekea baharini, wasikate kushoto mpaka waambiwe, na wasivuke futi elfu mbili. Anitha akayarudia yote, bila kukosea hata tarakimu. Mnara ukajibu kwamba ni sahihi. Lakini mkono wake, mwanangu! Mkono haukuwa na pa kuandika. Fomu ilikuwa imeshajaa. Maneno yakaingia sikioni, yakatokea mdomoni, na hayakuacha alama popote. Kapteni alipomaliza kunijibu mimi kuhusu yule abiria, akatupa jicho kwenye karatasi iliyobanwa mbele yao, akatega vyombo kwa kufuata mwandiko wangu mzuri. Wakaruka. Wakakata kushoto.

Ofisini tulikuwa na redio ndogo ya kusikiliza mnara. Nilimjua mwongoza ndege yule kwa sauti, mtu mpole kama msoma risala. Nilisikia sauti yake ikipanda. Akawaamuru wageuke kulia mara moja, akarudia, akarudia tena. Kisha kimya. Kikombe changu kilikuwa mkononi na sikujua nikiweke wapi. Mwishowe nikasikia sauti ya Kapteni, nzito, ikisema wameiona ile ndege nyingine na wameipisha. Abiria walidhani ni mawingu tu yamewatikisa. Kapteni mwenyewe alisema baadaye kwamba aliweza kuhesabu magurudumu ya ile ndege.

Waliporudi Dar, Anitha aliweka faili mezani kwangu kama kawaida. "Nilirudia sawasawa, Karani. Wallahi nilirudia sawasawa." Mkristo yule akaapa kwa kiapo cha mtaani kwao, maana hofu haichagui dini. Kisha akaitwa kwa meneja.

Nikafungua faili. Nikaiona fomu. Kata kushoto, panda hadi futi elfu nne. Nikaikunja mara nne, nikaitia mfuko wa shati.

Usiniulize nilifikiri nini. Sikufikiri. Woga una mikono yake.

Uchunguzi ulifanyika ofisi yetu ya mjini, ghorofani, karibu na Mnazi Mmoja. Sauti ya Anitha iliyorekodiwa ikachezwa mbele yetu sote, ikasikika safi, kila neno mahali pake. Hapo ndipo shaka ilipoanza kutembea chumbani kama paka asiye na mwenyewe. Kama msichana huyu alirudia sawa, kwa nini ndege ikafanya vingine? Na ile fomu aliyotakiwa kuandika iko wapi? Anitha akasema alirudisha faili likiwa kamili. Meneja akanigeukia.

"Karani?"

"Nililipokea lilivyo."

Maneno mawili tu. Tangu hapo kila mtu akawa anamchungulia mwenzake. Wengine walisema Anitha ameichana fomu kwa kuwa aliandika upuuzi. Wengine walisema Kapteni ndiye aliyemwamuru. Mimi nami, mwenye fomu mfukoni, nilishuku kuliko wote! Nikimwona Kapteni anaongea na meneja kwa sauti ya chini, nawaza, wananipangia mimi. Anitha akinitazama, nawaza, anajua. Mfagizi akiingia, nawaza, ametumwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na changu kilikuwa nguoni hasa, upande wa kushoto, juu ya moyo.

Mwishoni meneja akafunga daftari lake. "Rubani akikosea, anarudi darasani. Akificha, harudi angani. Fomu isipoonekana kufikia kesho saa nne, nitaandika kwamba rubani msaidizi ameiharibu." Alisema hayo akimtazama Anitha. Leseni yake ingekwenda, na jina lake lingekwenda nayo.

Alasiri ile nilikuwa barazani namsaidia Bi Zuwena kukunja khanga. Anitha akatokea katikati ya watu na mikokoteni, bado amevaa sare.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai, bibi. Nimekuja kumwangalia huyu machoni." Akanigeukia. "Mganga. Si ulikuwa unajua kila watakachosema mnara? Basi piga ramli. Fomu iko wapi?"

"Dada Anitha, nilishasema, nililipokea faili..."

"Lilivyo. Nimekusikia. Umekuwa kasuku sasa." Akasogea hatua moja. "Mama yangu amekaa kwenye moshi wa vitumbua pale Magomeni mpaka macho yameharibika, ili mimi nishike usukani wa ndege. Nikikosea, nitamwambia nimekosea. Lakini nitamwambiaje kwamba nimeiba karatasi ambayo sikuiba?"

Akanitazama, akatikisa kichwa, akaondoka bila kuaga. Bi Zuwena akakunja khanga mbili nzima. Kisha akanyoosha mkono.

"Ilete."

"Nini, bibi?"

"Hicho unachokishika kifuani tangu binti wa watu alipoingia."

Kumbe mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko muda wote. Nikaitoa. Akaikunjua, akaivutia kwenye mwanga. Kiingereza hakukijua, na fomu ilikuwa ya Kiingereza. Hakusoma, alitazama tu.

"Haya yaliandikwa mtu akiwa anasemeshwa?"

"Ndiyo, bibi. Redioni."

"Polepole, au upesiupesi?"

"Upesi. Na injini zinanguruma."

Akainuka, akaingia dukani, akarudi na daftari lake la maagizo ya wateja. Akalifungua karibu na fomu yangu. Daftari lile lilikuwa kama njia ya kuku: maneno yamekatwa, mishale imepanda juu, jina la mji limefutwa likaandikwa jingine, wino umemwagika pembeni. Fomu yangu ikang'aa karibu yake kama kadi ya harusi.

"Hili langu," akasema, "ni la mtu aliyekuwa akisikiliza. Hili lako ni la mtu aliyekuwa peke yake. Uliandika kabla."

Mwanangu, bibi yule hakuwahi kupanda ndege. Meneja alikuwa na mikanda ya sauti na wataalamu. Yeye alikuwa na daftari chafu.

Nikalia. Nikamweleza yote, na katikati ya kulia nikajitetea, "Nilitaka kumsaidia, bibi. Nimpunguzie kazi."

"Ulimsaidia kutosikiliza." Akaikunja fomu vilevile mara nne, akanirudishia. "Tangu juzi unaniambia unamshuku kapteni, unamshuku meneja, mpaka mfagizi wa watu. Kuna mtu mmoja hujamshuku hata mara moja, na unalala naye shati moja."

Nikairudisha fomu mfukoni.

"Sasa?" akauliza.

"Kesho asubuhi nitaipeleka."

"Mdomo umejibu," akasema, akarudi kwenye khanga zake.

Nitakwambia siri ambayo sijawaambia wengi. Asubuhi ile nilitoka na begi. Nguo zangu zote zilikuwa ndani. Pale kwenye kona, mkono wa kulia ulikuwa unanipeleka Mnazi Mmoja kwa meneja, na mkono wa kushoto ulikuwa unanipeleka kwenye gari la kituo cha mabasi, na basi la Mbeya lilikuwa linanisubiri akilini tangu nilipoamka. Nilifika konani nikageuka nyuma. Bi Zuwena alikuwa amesimama barazani, khanga kichwani, ananikodolea macho kama anavyomkodolea Mwinyi. Hakupunga mkono wala hakuita. Alikuwa anasubiri kuiona miguu.

Nikakata kulia.

Fomu niliiweka mezani kwa meneja saa tatu na nusu, nikasema nani aliiandika, lini, na kwa nini. Nilifukuzwa kazi kabla ya adhuhuri, na ilikuwa haki. Nilitegemea Kapteni Lyimo anibebeshe mzigo wote, lakini mzee yule akamwambia meneja mbele yangu, "Karatasi haikurusha ndege. Tuliokaa viti vya mbele ni sisi wawili. Mimi nilitega vyombo bila kumuuliza mwenzangu ameambiwa nini." Wote wawili walisimamishwa, wakarudishwa darasani, na baada ya miezi wakarudi angani. Anitha hakunishukuru, na angenishukuru kwa lipi? Ngazini alinipita akasema tu, "Ungechelewa nusu saa." Nami nikaanza huu mzunguko wangu wa miji, ambao haujaisha mpaka leo. Mficha uchi hazai. Mimi niliuficha siku tatu tu, na bado najiuliza ningezaa nini kama ningeufichua siku ya kwanza.

Bi Zuwena amekwishatangulia mbele ya haki. Nyumba yake sasa ni ghorofa la maduka ya simu.

Mwaka huu nilikuwa natoka Mwanza kuja Dar kwa ndege. Mlangoni alisimama rubani mkuu akiwakaribisha abiria, mama wa makamo, mvi zimechungulia chini ya kofia, mistari minne begani. Akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Mganga," akasema.

"Kapteni."

Akaingia kule mbele, abiria nyuma yangu wakaanza kuguna. Akarudi na ubao wa kubania karatasi, akaugeuza niuone. Ilikuwa fomu ya kibali, na kila mstari wake ulikuwa wazi.

"Tupu," akasema. "Kwenye ndege yangu anayejaza kabla ya mnara kusema, anashuka. Nenda kakae, ufunge mkanda."

Nilikaa, nikafunga mkanda. Na mimi mwenye maradhi ya kushuku, ninayechunguza mpaka chai, nililala usingizi mpaka magurudumu yalipogusa Dar.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Jambo unalolijua sana ndilo la kuliogopa, kwa sababu lile usilolijua utaliuliza, na kuuliza si ujinga. Usijaze jibu kabla mwenzako hajamaliza kusema, awe bosi wako, mkeo au mtoto wako. Ukipewa agizo, lirudie; ukishalirudia, liandike; ukishaliandika, tazama kama mkono wako unafuata ulichokisema. Ukiletewa kitu kisafi mno, kinachokubaliana nawe mno, kitazame mara ya pili. Na siku mambo yakiharibika, ukaanza kuwashuku watu mmojammoja, anza kwanza na aliyevaa shati lako.

Mungu akupe sikio lenye nafasi, akupe mkono usiotangulia maneno, na kila kona utakayofika na begi lako la kukimbilia, akusimamishie nyuma mtu anayekupenda kiasi cha kutokuamini mpaka aione miguu yako. Nenda salama, na urudi salama.